Mahindi Juu ya Lami

Jumatatu, 20 Oktoba 2025

Nimepata tena kazi ya kuhesabu. Chifu Zachary alinipigia simu asubuhi akasema, "Mama Nakhungu, wewe ndiye karani wetu. Hapa Namukhele hakuna mwingine mwenye mwandiko." Mwaka wa 2019 nilikuwa karani wa sensa, kisha karani wa uchaguzi, kisha nikaandikisha kuku wakati kuku walipokuwa wanakufa. Sasa ni magari.

Sababu ni ile ambulensi. Siku ya soko mwezi wa nane ilikwama dakika arobaini kati ya posta na kituo cha afya. Mgonjwa alipona, lakini picha ilienda kwenye kila simu, na kaunti ikaaibika. Ndiyo maana tunatengenezewa mpango wa magari. Mji wetu ni barabara moja ya lami, ile inayotoka Kitale kwenda Bungoma, na maduka pande zote mbili.

Kampuni ya washauri imemtuma injinia anayeitwa Mbugua. Ni mtu mpole, viatu vyake safi. Alitufundisha saa mbili katika ukumbi wa kanisa. Maneno niliyoyapigia mstari ni haya: "Andika unachokiona. Usiandike unachodhani."

Fomu zao nitazirudisha. Daftari hili ni langu.

Jumanne, 21 Oktoba

Niliamka saa kumi na moja kumsaidia mama kutandaza mahindi. Mama ni mama wa Khisa, mume wangu. Jina lake Nangila, lakini mimi sijawahi kulitamka mbele yake. Tumevuna gunia kumi na sita, na uwanja wetu ni udongo ambao mvua ya alasiri imeugeuza uji. Lami inashika joto. Kwa hiyo kila msimu watu wa hapa hutandika maturubai upande mmoja wa barabara kutoka posta hadi darajani, na nusu ya barabara inakuwa njano. Madereva wamezoea. Wanapita kwa zamu upande uliobaki. Ni makosa, na chifu hutangaza hivyo kila Septemba, kisha mke wake anaanika ya kwake karibu na posta.

Saa mbili nikavaa kizibao cha reflekta, nikachukua tepu ya kupimia. Derrick, mwenyekiti wa boda boda, alinishikia ncha ya pili.

Kipengele cha saba cha fomu kinasema: upana wa barabara unaopitika na magari, kwa mita, mahali patano.

"Phelo, niweke wapi?" Derrick akauliza. "Kwa mwisho ya lami ama kwa mwisho ya mahindi?"

"Imeandikwa unaopitika."

"Basi ni kwa mahindi. Nani atapitisha gari juu ya mahindi ya mamako? Si atatoka na jembe."

Nilifikiria maneno ya injinia nikaona Derrick amesema sawa. Nikaandika 3.4, 3.2, 3.3, 3.1 na 3.5. Mahali pa tatu palikuwa penye turubai letu. Nilisimama juu ya ukingo wake nikijihadhari nisikanyage punje nilizotandaza mwenyewe.

Chini ya kipengele hicho kuna mistari miwili ya maelezo. Nilikuwa nimeanza kufikiria jinsi ya kuandika neno mahindi wakati chifu alipofika na pikipiki yake, akaangalia fomu juu ya bega langu.

"Hapo usijaze mambo ya mahindi," akasema. "Mimi nilisharipoti kwa wakubwa kwamba barabara iko wazi. Unataka kunichoma?"

"Hapana, chifu."

"Basi acha hivyo. Namba ni namba."

Nikaacha mistari miwili mitupu.

Jumatano, 22 Oktoba

Mvua saa tisa. Tulifunika, tukafunua, tukafunika.

Ijumaa, 24 Oktoba

Siku ya tatu ya kuhesabu magari. Nimekaa kwenye kiti cha plastiki mkabala na hoteli ya Hasina, nikichora vijiti kwenye fomu: lori, trekta, matatu, pikipiki, mkokoteni wa punda. Hasina aliniletea chai bila kuitwa.

"Umehesabu punda wangapi, Mama Nakhungu?"

"Kumi na wanne."

"Na wale wa miguu miwili wanaokunywa chai yangu na kutoroka? Kuna fomu yao?"

Hoteli hiyo aliijenga marehemu babake, mzee Abdi, na nyumba wanayoishi iko nyuma yake, kwenye uchochoro wa msikiti. Khisa alipokosa kazi nilimsukumia Hasina chapati miaka mitatu mfululizo. Mwanangu Nakhungu alijifunzia kutembea kati ya magunia yake ya unga. Hakuna siku aliyonikumbusha hayo.

Jumatatu, 27 Oktoba

Mvua kutwa. Mama ameuma punje tatu na kuzitema. "Bado laini," amesema. Mnunuzi wa Moi's Bridge hachukui mahindi laini.

Jumatatu, 3 Novemba

Nimerudisha fomu zote, safi, bila kufuta mahali popote. Injinia Mbugua alizipekua akasema hajawahi kuona kazi nadhifu hivi. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha. Naandika jambo hili kwa sababu lilikuwa kweli siku hiyo.

Jumamosi, 8 Novemba

Mkutano wa kwanza wa wananchi. Ukumbi wa kanisa ulijaa hadi mlangoni. Mimi ni karani wa kumbukumbu.

Injinia alibandika ukutani picha ya mji iliyopigwa kutoka juu, kubwa kama mlango, kila kiwanja na nambari yake. Akagawa stika. Nyekundu ubandike penye shida, kijani ubandike pale unaporidhika. Kisha akatoka nje kupokea simu.

Watu walisogea ukutani. Kwanza walitafuta nyumba zao. Ilichukua muda, maana hakuna aliyewahi kuliona paa lake kutoka juu. Kila aliyelipata la kwake alicheka na kulibandika kijani. Mama alibandika. Chifu alibandika. Mzee mmoja alibandika kijani juu ya kaburi la mkewe. Hasina alitafuta muda mrefu, akaiona hoteli yake, akaibandika kijani katikati kabisa, akarudi nyuma hatua mbili kuitazama.

"Ona vile iko mzuri," akaniambia. "Ati hata bomba ya moshi inaonekana."

Nyekundu zilibandikwa saba. Zote ziliwekwa na Derrick, zote mbele ya kituo cha polisi.

Injinia aliporudi alihesabu, akaniambia niandike: wengi wameridhika.

Alhamisi, 13 Novemba

Jua siku mbili mfululizo. Mama anaimba.

Jumatano, 19 Novemba

Mpango umebandikwa nje ya ofisi ya chifu. Nimeusoma mara nne nikiwa nimesimama, na sasa naunakili hapa ili nihakikishe sikuuelewa vibaya.

Barabara kuu ya Namukhele ni nyembamba, wastani wa mita 3.3. Haiwezi kubeba magari ya kwenda na ya kurudi. Kwa hiyo itakuwa ya upande mmoja, kutoka Kitale kwenda Bungoma. Magari yanayotoka Bungoma yatapita uchochoro wa nyuma ya msikiti, ambao utapanuliwa kufikia mita tisa. Kiwanja nambari 41 kitachukuliwa chote. Mwenye kiwanja ameridhia kwa stika ya kijani katika mkutano wa tarehe nane.

Nambari 41 ni Hasina.

Mita 3.3 ni mimi.

Alhamisi, 20 Novemba

Saa sita mchana, mama alipoingia jikoni, nilikunja turubai letu nusu nikapima lami kutoka ukingo hadi ukingo. Mita sita na sentimita themanini. Nilipima tena kutoka upande wa pili, kana kwamba barabara ingeweza kubadili mawazo.

"Unapima nini tena?" mama akauliza kutoka mlangoni.

"Barabara, mama."

"Si ulishapima? Rudisha hiyo turubai, jua linapotea."

Nikalirudisha.

Nimeandika kitu cha kweli. Hilo ndilo linalonizunguka kichwani. Siku ile, saa ile, gari lilikuwa na mita tatu na kidogo za kupita. Kila namba ni ya kweli, na zote kwa pamoja ni uongo, kwa sababu ya mistari miwili niliyoiacha mitupu. Chifu alisema niiache. Lakini kalamu ilikuwa mkononi mwangu, hakuishika yeye.

Nikisema ni mahindi, wataondoa mahindi. Mvua bado ipo, na ya kwetu hayajakauka hata nusu. Nisiposema, wataondoa nyumba ya Hasina.

Ijumaa, 21 Novemba

Nilienda Kitale kumwona injinia katika ofisi yao ya muda. Nilimweleza tangu mwanzo. Alivua miwani.

"Mahindi niliyaona," akasema. "Nilidhani umepima lami."

"Ulisema tuandike tunachokiona, si tunachodhani."

Nadhani alitaka kunikasirikia, akakosa pa kushika.

"Si unaweza kuja upime mwenyewe?" nikamwuliza.

"Nikibadilisha takwimu bila sababu iliyoandikwa, hiyo ni kesi. Lazima mtu aseme hadharani barabara ilizibwa na nini, sehemu gani, na iingie kwenye kumbukumbu. Mkutano wa pili ni tarehe tatu Desemba. Baada ya hapo ripoti inafungwa."

"Na nikisema?"

"Kaunti italazimika kuita polisi wafungue barabara kabla ya kupima upya. Hawana chaguo, ni barabara ya umma." Akavaa miwani yake. "Hiyo kumbukumbu si unaiandika wewe mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Pole," akasema. Nadhani alimaanisha.

Jumapili, 23 Novemba

Khisa alikuja kutoka kazini Kitale. Nilimwambia tukiwa shambani, mbali na mama.

"Kwani kaunti imewahi kujenga nini hapa?" akasema. "Choo cha soko kiko wapi? Taa za barabarani ziko wapi? Hiyo karatasi itakaa pale ukutani mpaka mbuzi waile. Nyamaza tu."

"Na wakijenga?"

"Phelista. Hasina ni rafiki yako. Mama ni mama."

Tulikusanya mabua hadi jioni. Nilijaribu kuamini habari ya choo cha soko, na kwa muda wa saa moja hivi niliweza.

Jumanne, 25 Novemba

Wamekuja wapaka rangi. Hasina ana alama ya X nyekundu kwenye ukuta wa hoteli, nyingine kwenye nyumba, na nyingine kwenye tangi la maji.

Alikuja kwetu saa kumi, mikono bado ina unga. Mama alikuwa barabarani akigeuza mahindi kwa reki.

"Wamepaka bila hodi," akasema. "Wateja wako ndani wanakula, wao wanapaka. Mmoja ameniuliza kama kuna maharagwe. Anapaka X kwangu, halafu anataka maharagwe."

"Ukampa?"

"Nilimpa. Alikuwa na njaa." Akakaa. "Nataka barua ya kupinga. Wewe ndiye uko na mwandiko. Mimi nitasema, wewe andika."

Nilitoa karatasi. Hakuna kitu ningeweza kusema ambacho kingenifanya nisitoe karatasi, isipokuwa kile kimoja.

Alisema taratibu, akiangalia dirisha. Mimi, Hasina Abdi, wa kiwanja nambari 41, sikukubali kitu chochote. Nilibandika ile kijani kwa sababu niliona nyumba yangu. Babangu aliishi hapo kabla ya lami. Barabara hii mimi naijua tangu nizaliwe, lori mbili zinapita na katikati inabaki nafasi ya punda.

"Sasa andika hivi," akasema. "Aliyepima hiyo barabara alikuwa mlevi ama alikuwa kipofu."

Nilisimamisha kalamu.

"Andika. Unaogopa nini? Si ni barua yangu?"

"Tuseme alikosea."

"Wacha kumtetea. Andika kipofu."

Nikaandika kipofu. Mwandiko wangu haukutetemeka, na hilo limeniogopesha kuliko mengine. Hasina hajui kwamba upana nilipima mimi. Aliniona nikihesabu magari na punda, akadhani kazi yangu iliishia hapo. Alitia sahihi, akaikunja barua, akanishika bega.

"Nakushukuru, dada. Hii mji hakuna mtu mwingine ningemuamini."

Alipotoka, mama aliingia akiwa na punje mkononi akaniwekea mbele. "Uma." Nikauma. "Wiki moja zaidi," akasema. "Mungu akitupatia jua wiki moja zaidi tumemaliza."

Mkutano ni baada ya siku nane.

Ijumaa, 28 Novemba

Mvua kubwa jana na leo. Wiki ya mama imeanza upya. Chifu alinisimamisha karibu na posta. "Nasikia ulienda Kitale," akasema. "Nyumba za kuhesabu ziko nyingi, Mama Nakhungu, na makarani pia wako wengi." Kisha akaniuliza habari za Nakhungu na mitihani yake, kwa upole kabisa.

Jumatatu, 1 Desemba

Jua. Magari yanapita kwa zamu. Nimehesabu bila kutumwa: lori sita kabla ya chai.

Jumatano, 3 Desemba

Nitaandika yote kwa utaratibu.

Mkutano ulianza saa nne. Mbele walikaa injinia Mbugua, chifu, na afisa wa kaunti anayeitwa Gichuki, mtu mnene mwenye sauti ya redio. Mimi nilikuwa kwenye meza ndogo pembeni na daftari la kumbukumbu. Hasina alikaa safu ya kwanza. Mama alikaa safu ya tatu na wanawake wenzake wa barabara yetu. Nje kulikuwa na jua kali na kila mmoja wao aliligeukia dirishani akihesabu saa.

Bwana Gichuki alisoma mpango. Derrick akasimama.

"Mkubwa, hii barabara ya kwenda bila kurudi. Nikibeba mteja kutoka posta mpaka hapo kwa kituo cha afya, si ni mita mia mbili? Sasa nizunguke mpaka darajani?"

"Utazunguka, ndiyo."

"Na mteja akijifungua njiani, mtoto aitwe nani? Mzunguko?"

Watu walicheka. Hasina hakucheka. Alisimama akasoma barua yake yote kwa sauti, hata ile sentensi, na watu wakapiga makofi kwenye neno kipofu.

Bwana Gichuki alimsikiliza hadi mwisho. "Mama, tunaheshimu hisia zako. Lakini kuna stika yako na kuna takwimu. Barabara ina mita tatu nukta tatu. Takwimu hazina hisia."

"Nani alipima?" Hasina akauliza. "Nataka tu kumuona. Asimame nimuone."

Injinia alitazama karatasi zake. Chifu alinitazama mimi. Kwenye daftari nilikuwa nimeandika: Swali, nani alipima. Chini yake nilikuwa nimeacha nafasi ya jibu.

Nilisimama. Niliacha kalamu mezani kwa sababu sikutaka kuishika.

"Ni mimi," nikasema. "Nilipima barabara ikiwa na mahindi. Nilipima kutoka ukingo wa lami hadi ukingo wa mahindi, mahali patano. Upande wa maelezo sikuandika kitu. Lami yenyewe ina mita sita nukta nane."

Derrick akasema polepole, "Ni kweli. Tepu nilishika mimi."

"Mahindi ya nani?" Bwana Gichuki akauliza.

Chifu akakohoa. Wanawake wa safu ya tatu walikuwa wamekaa kama watu wanaopigwa picha. Majina yao yote ninayajua, na mahali pa kila turubai, kwa sababu nilipita hapo na tepu.

"Mahali pa tatu ni mahindi ya kwetu," nikasema. "Niliyatandaza mwenyewe."

"Na hayo mengine?"

"Nimesema ya kwetu."

Mama hakuinua uso. Alikuwa anaangalia mikono yake, akiigeuza, kama anayetafuta kitu kilichodondoka kati ya vidole. Kisha akainuka, akajifunga leso vizuri, akatoka. Wanawake wengine wakamfuata mmoja baada ya mwingine. Walikuwa wanakimbilia kuondoa mahindi.

Bwana Gichuki alisema barabara ifunguliwe kufikia kesho saa mbili, polisi wasimamie, na ipimwe upya Ijumaa. Akanielekea. "Karani, hayo umeandika?"

Nilikaa nikayaandika.

Hasina alingoja hadi ukumbi ukabaki mtupu. Nilidhani atanikumbatia. Alisimama mbele ya meza yangu.

"Ulijua siku ile," akasema. "Nikisema, wewe unaandika. Ukaandika kipofu kwa mkono wako, halafu nikakushukuru."

"Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia."

"Nilikaa kwako saa nzima. Nilikuwa hapo tu."

Akaenda.

Alhamisi, 4 Desemba

Polisi walikuja na lori saa mbili na nusu. Maturubai manne ambayo hayakuwa yameondolewa waliyakunja na kuyatupa mtaroni pamoja na mahindi yake. Letu halikuwa mojawapo. Mvua ilianza saa saba ikanyesha hadi usiku.

Jumamosi, 6 Desemba

Mahindi yako ndani. Mama alianza kuyabeba kwa beseni na mimi nikabeba. Yako sebuleni, chumbani kwetu, chini ya kitanda cha Nakhungu. Meza tumeitoa nje. Kutoka mlangoni hadi jikoni tunapita tukijibana ukutani. Madirisha hayafunguliwi kwa sababu ya unyevu, na nyumba ina harufu ya pombe inayoanza kuiva. Tunayageuza kwa mikono, yeye upande huu, mimi upande ule. Tukikutana katikati tunarudi nyuma.

Khisa amepiga simu. Amezungumza na mama dakika ishirini. Mimi ameniambia, "Haya basi," akakata.

Jumapili, 7 Desemba

Kanisani kiti cha kushoto kwangu kilikuwa kitupu, na cha kulia pia.

Jumanne, 9 Desemba

Ukungu wa kijani kwenye kona ya chumbani. Gunia mbili, labda tatu, zimeharibika. Mama amezitenga kwa ajili ya nguruwe wa jirani. Nilimwambia, "Mama, nisamehe." Akasema, "Shika hapo," akimaanisha gunia. Nikashika.

Jumatatu, 15 Desemba

Barua ya kaunti imebandikwa. Barabara ina mita 6.8. Itabaki ya kwenda na kurudi. Uchochoro wa msikiti hautaguswa, na kiwanja nambari 41 kimeondolewa kwenye mpango. Ambulensi itapewa njia yake siku za soko. Mwisho kuna aya moja zaidi: ili barabara isizibwe tena, pande zote mbili zitajengewa ukingo wa zege na vyuma, kutoka posta hadi darajani, kabla ya mvua ya Machi.

Kwa hiyo hapatakuwa na mahali pa kuanika, msimu ujao wala mwingine wowote. Watu walisoma barua wakanipisha njia, kila mmoja kwa adabu. Chifu amempa mtu mwingine kazi ya kuandikisha mbolea.

Derrick peke yake ndiye aliyenisimamishia pikipiki. "Niaje, Phelo. Wewe umenyooka kama rula ya shule. Lakini bana, kukaa karibu na wewe ni kazi."

Jumatano, 17 Desemba

Jua limetoka tangu asubuhi, safi, na mahindi yote yako ndani ya nyumba.

Saa tatu mama alijitwika gunia nusu, akaniambia, "Beba hilo lingine." Hakuniambia tunaenda wapi. Tulivuka barabara, iliyokuwa wazi na pana kama ya mji mwingine, tukaingia uchochoro wa msikiti. Nyuma ya hoteli ya Hasina kuna uwanja wa saruji anaoanikia nguo za meza. Zile X zilikuwa zimepakwa chokaa, lakini wekundu bado unaonekana.

Mama alitua gunia lake. Sijawahi kumwona akiomba kitu kwa mtu asiye wa ukoo wake.

"Mamako alikuwa mtu wangu," akasema. "Nimekuja kwako kwa sababu hiyo. Mahindi inaniozea ndani ya nyumba."

Hasina alikuwa mlangoni na kitambaa cha kufutia. Alimtazama mama, akatazama gunia.

"Uwanja ndiyo huo, mama," akasema. "Leta yote. Mpaka Januari kama unataka. Lakini kwanza kaa, umepanda na mzigo. Kunywa chai."

Alileta viti viwili na vikombe viwili. Walikaa kwenye kivuli cha tangi la maji wakaanza kuongea habari za mvua, za bei, za marehemu mzee Abdi. Mama alicheka mara moja. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu tarehe tatu.

Mimi nilisimama penye lango, gunia mgongoni. Sikujua kama niliweke chini au niondoke nalo, na hakuna aliyegeuka. Nilisimama hivyo hadi mama alipomaliza chai yake. Kisha Hasina, bila kunitazama, akanionyesha kwa kidole pa kuliweka.